Mvuke Hauondoi Uchafu

Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga, Nyanda za Juu Kusini

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi mliosafiri kutoka wilaya za mbali, na ninyi wanangu mnaohitimu leo: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa niseme neno juu ya kinga na udhibiti wa maambukizi. Somo hilo ni pana, na jua hili halitanivumilia, kwa hiyo nitachukua kipande kimoja tu. Kunawa mikono mmeimbiwa tangu mwaka wa kwanza, sitarudia. Nataka tuzungumzie chumba ambacho wengi wenu mmekipita kila siku ya mafunzo mkielekea leba au thieta, na hamkuingia. Katika hospitali kubwa mlangoni pameandikwa kuwa ni idara ya kutakasa vifaa. Katika zahanati hapajaandikwa kitu. Ni kona yenye sinki moja, ndoo tatu na otoklevu ya kubandika jikoni, yaani chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke wenye shinikizo. Upasuaji unaanzia humo. Uzazi salama unaanzia humo.

Niwapeleke kwanza Yambuku, kaskazini mwa Kongo, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mwaka 1976 palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120, ikiendeshwa na masista kutoka Ubelgiji pamoja na wauguzi wenyeji. Watu walitembea mwendo mrefu kuifikia kwa sababu ilisifika kuwa na dawa. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba ya sindano 5. Ni hayo matano kwa wagonjwa wa nje, kwa kliniki ya wajawazito na kwa waliolazwa. Akishachomwa huyu, kabla ya kuchomwa yule, bomba na sindano vinasuuzwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Jioni, siku nyingine, vinachemshwa.

Tarehe 26 Agosti alifika mwalimu wa shule ya misheni akiwa na homa. Ikadhaniwa malaria, akachomwa sindano ya klorokwini, akarudi nyumbani. Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza anayejulikana wa mlipuko ambao baadaye ulipewa jina la mto Ebola. Mpaka unamalizika, watu 318 walikuwa wameugua na 280 wamefariki. Hospitali yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa Oktoba, kwa sababu kati ya watumishi wake 17, walikuwa wamekufa 11.

Wachunguzi walipopanga majina ya wagonjwa waliona kwamba walioathirika zaidi walikuwa wanawake wa miaka 15 hadi 29. Kwa nini wao? Kwa sababu wajawazito ndio waliokuja kliniki, na waliokuja kliniki walichomwa sindano. Mama aliyefuata utaratibu, aliyehudhuria tarehe aliyopangiwa, ndiye aliyepelekewa kifo. Na katika wale ambao njia yao pekee ya kuambukizwa ilikuwa sindano, hajulikani hata mmoja aliyepona. Milango ya hospitali ilipofungwa, maambukizi mapya yakaanza kupungua. Wanangu, naomba mlitafakari hilo. Kwa wiki kadhaa, jambo jema kuliko yote ambalo hospitali ile ingeweza kuwafanyia watu wake lilikuwa kufunga milango.

Siwasemi vibaya masista wale wala wauguzi wale. Walifanya kazi kwa moyo, wengi wao walikufa wakiwa kazini, na Mungu awarehemu. Ninachowaonesha ni mchanganyiko ambao mtaukuta huko mnakokwenda: vifaa vichache, foleni ndefu, na njia ya mkato iliyozoeleka mpaka ikaonekana ndiyo kazi yenyewe.

Misri nayo ina kisa chake. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliendeshwa kampeni kubwa ya kutibu kichocho kwa sindano za kwenye mshipa. Mabomba yalikuwa ya kioo, yanarudiwa kutumika, na kuchemshwa kwake hakukutosha. Kampeni ile iliacha virusi vya homa ya ini aina ya C katika miili ya wanavijiji wengi mno, na Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo duniani. Nia ilikuwa njema kabisa.

Leo bomba la sindano linatumika mara moja na kutupwa kwenye kisanduku cha usalama. Ya chanjo hujifunga yenyewe baada ya dozi moja. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto, UNICEF, na ya idadi ya watu, UNFPA, walitoa tamko la pamoja kuhimiza mabomba ya aina hiyo yatumike katika chanjo zote. Hapo tumepiga hatua, na nawashukuru waliopigania. Lakini mkasi wa kukatia kitovu hautupwi. Koleo halitupwi. Spekulamu ya chuma, ile ya kupanulia njia ya uzazi wakati wa kupima, haitupwi. Vinatoka kwa mama huyu vinakwenda kwa mama yule, na katikati yao yupo mtu mmoja kwenye sinki.

Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo humo hospitalini. Kwa Afrika, hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaozaa kwa upasuaji hupata maambukizi kwenye kidonda. Takwimu hizo zina sababu nyingi ndani yake, si vifaa peke yake. Ila mama aliyerudi siku ya sita na mshono unaotoa usaha hana namna ya kujua sababu ipi ni yake. Sisi ndio tunaopaswa kujua, na ndio tunaoweza kuondoa angalau hii moja.

Nimekuja na koleo. Ni la kubania mishipa ya damu, wodini mnaliita ateri. Limetolewa kwenye vifaa vilivyokwisha kuondolewa kazini na likatakaswa kabla sijalileta hapa. Kwa mbali linang'aa. Likilazwa mezani likiwa limefungwa, hakuna atakayelitilia shaka. Sasa nalifungua. Ninyi wa mstari wa mbele tazameni hapa mikono miwili inapopishana, kwenye kiungo. Mnauona ule mstari mweusi? Na hapa kwenye meno, katikati ya jino na jino? Msidhani ni kutu tupu. Ni damu ya zamani iliyokauka, ikapikwa kwenye otoklevu, ikatumika, ikapikwa tena. Mama anayepika ugali anajua: sufuria yenye ukoko ukiirudisha motoni bila kuisugua, moto hauondoi ukoko, unaugandisha zaidi. Na chini ya damu iliyoganda mvuke hauingii. Kidudu kilichojificha humo kinasikia joto kwa mbali, kinangoja.

Ndiyo maana nasema mvuke hauondoi uchafu. Otoklevu inaua vilivyo wazi mbele yake. Kilichofunikwa na uchafu inakiacha. Kazi ya kukifunua ni ya brashi, maji, sabuni na mkono wa mtu.

Sasa sikilizeni namna ya kuosha, maana hapa ndipo tunapoharibu. Kifaa kikishatumika kisiachwe kikauke. Kifunike kwa kitambaa chenye unyevu, ndani ya chombo chenye mfuniko, kipelekwe sinkini mapema. Suuza kwanza kwa maji ya baridi. Wapo wanaodhani maji ya moto ndiyo yanayotoa damu. Kinyume chake, joto linaigandisha protini iliyo kwenye damu nayo inang'ang'ania chuma. Fungua kila kiungo. Kilichoundwa kwa vipande, kitenganishe. Sugua kikiwa chini ya maji, brashi ikiwa imezama, ili matone yasikurukie machoni. Tumia sabuni ya vifaa, na brashi laini. Sugulio la waya linakwangua chuma, na kwenye mikwaruzo ndipo uchafu wa kesho utakapokaa. Mirija yote, ikiwemo ya mashine ya kufyonza, ipitishiwe maji na brashi nyembamba mpaka yatoke meupe upande wa pili. Suuza kwa maji safi. Kausha. Kisha, kabla ya kufunga, chukua kifaa kimoja kimoja, kipeleke kwenye mwanga, kifungue, kitazame. Kikiwa na doa, kinarudi sinkini. Hakuna mjadala.

Najua kwamba nikifika hapa wakunga wa zamani wataniuliza: na ndoo ya klorini je? Sisi wengi tulifundishwa kwamba kabla ya kuosha chochote, vifaa vinaloweshwa dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5: kipimo kimoja cha Jik, ile klorini ya dukani, kwa vipimo sita vya maji. Tulifundishwa hivyo, tukafundisha hivyo, kwa nia ya kumlinda anayeosha. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 juu ya kutakasa vifaa haupendekezi tena kulowesha kabla ya kuosha. Sababu zake ni za kueleweka. Damu inaidhoofisha klorini, hivyo ndoo unayoiamini inaweza kugeuka supu ya vijidudu. Klorini inakula chuma. Mikasi inapata vishimo, inakuwa butu. Na anayebeba ndoo yenye kemikali na vifaa vyenye ncha kutoka leba hadi sinkini yuko hatarini zaidi ya anayebeba sanduku lililofunikwa. Kinachomlinda mwoshaji ni glavu nene za mpira, aproni isiyopitisha maji, miwani au ngao ya uso, na viatu vilivyofunika vidole. Nafahamu ndoo hiyo bado ipo katika vituo vingi. Mkiikuta, msiipige teke mbele ya wakubwa zenu. Leteni mwongozo, kaeni nao, someni pamoja. Mkunga aliyezalisha miaka thelathini anastahili kuelezwa kwa heshima, naye akishaelewa atakuwa mlinzi wenu.

Na kuchemsha? Maji yanayochemka huua vijidudu vingi, lakini hayaui zile mbegu ngumu za bakteria, na bakteria wa pepopunda ni miongoni mwa wenye mbegu hizo. Huku kwetu milimani hali ni mbaya zaidi. Njombe mjini tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kuchemsha hakujawahi kuwa utakasaji, na huku ndiyo kabisa.

Mwinuko huo unagusa hata otoklevu. Geji nyingi zinasoma shinikizo linalozidi la hewa ya nje. Dar es Salaam, geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, ndani mna nyuzi 121. Ilete otoklevu hiyo hiyo Njombe, isome pauni 15 zile zile, na ndani utakuwa na nyuzi 118 hivi, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi. Tofauti ya nyuzi tatu inaonekana ndogo, lakini mbegu ya bakteria inaijua. Kwa hiyo someni kipimajoto, msitosheke na geji ya shinikizo. Kama mashine haina kipimajoto, fundi wa vifaa tiba aitwe aseme huku iendeshwe kwa shinikizo gani.

Vifaa vilivyofungwa vinahitaji nyuzi 121 kwa dakika 30. Visivyofungwa, dakika 20. Dakika hizo zinaanza kuhesabiwa joto likishafika. Zinazopita tangu ulipowasha jiko hazimo. Umeme ukikatika dakika ya 25, unaanza upya kutoka sifuri. Najua saa nane usiku kuna mtu anangoja seti. Anza upya.

Kisha kuna hewa. Mvuke lazima uisukume hewa yote itoke, maana palipobaki hewa, mvuke haufiki na joto halitimii. Ukibana mafurushi kama mizigo kwenye basi la mkoani, hewa inabaki katikati yake. Bakuli ukiliweka limelala chali, linashika hewa. Lisimamishe kwa ubavu. Na mkishamaliza, msitoe mafurushi yakiwa na unyevu. Kitambaa chenye maji kinavuta vijidudu kutoka kwenye mikono yako na kwenye meza mpaka ndani. Furushi lililolowa halijatakaswa, hata kama limekaa humo saa nzima.

Ule utepe wa kufungia mafurushi, wenye mistari inayogeuka nyeusi, unawadanganya wengi. Unakwambia furushi limepita kwenye joto, basi. Haukwambii kilichopo ndani kimekuwa salama. Kipimo cha kweli ni kuweka mbegu hai za bakteria mgumu kabisa, *Geobacillus stearothermophilus*, ndani ya mzigo, kisha kuzipeleka maabara kuona kama zimekufa. Hospitali yenye uwezo ifanye hivyo kila wiki. Kituo kisicho na uwezo huo kiweke walau kiashiria ndani ya kila furushi, na daftari: tarehe, nambari ya mzunguko, joto, muda, jina la aliyeendesha. Daftari hilo ndilo litakalokuwezesha kuwatafuta akina mama watano waliohudumiwa kwa mzunguko ulioharibika, kabla hawajarudi na homa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nakugeukia sasa, kwa ruhusa yako.

Chukua zahanati yenye seti mbili za kuzalishia. Kuosha vizuri, kukausha, kufunga, kupandisha joto, dakika 30, kupoza na kukausha tena: hesabu saa mbili au zaidi kwa mzunguko. Usiku mmoja wanafika kina mama watatu ndani ya saa moja. Mkunga yuko peke yake. Seti ya tatu haipo. Hapo atafanya nini? Atasuuza ile ya kwanza. Ataimwagia klorini, atasubiri anavyoweza, atamzalisha mama wa tatu, na mtoto atalia, na wote watafurahi. Kesho yake hakuna atakayeandika popote. Niambieni, pana tofauti gani na yale mabomba matano ya Yambuku?

Huwezi kumlaumu mkunga huyo kisha ukaenda zako. Upungufu wa seti unatengeneza kosa kabla hajaingia zamu. Kwa hiyo ombi langu ni la fedha, na silionei haya. Vituo sasa vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za usimamizi ndizo zinazopanga. Wajumbe wa kamati wanapenda kununua kinachoonekana: rangi ya ukuta, viti vya mapokezi, geti. Naomba mwaka huu wanunue seti za kuzalishia mpaka zitosheleze usiku wenye shughuli kuliko zote katika rejesta yao, si usiku wa wastani. Wanunue sinki mbili zenye maji ya bomba, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia, na tanki la akiba. Na waweke ukuta au hata pazia kati ya upande wa vichafu na upande wa visafi, ili kifaa kisirudi kinyumenyume.

Nije kwa mtu mwenyewe. Katika vituo vyetu anayeosha vifaa mara nyingi ni mhudumu wa wodi. Ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, na alifundishwa na mhudumu aliyemtangulia, wakiwa wamesimama. Huitwa kwenye semina akiwa wa mwisho, kama anaitwa. Anapochomwa na ncha ya sindano ya kushonea iliyosahauliwa kwenye trei, ananyamaza, kwa kuogopa kuambiwa ni mzembe. Daktari anayepasua anamtegemea mtu huyu zaidi ya anavyomtegemea msaidizi aliyesimama mbele yake, na pengine hajui jina lake. Nimefanya kazi na wahudumu wa namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu. Walikuwa wakikitazama kiungo cha koleo kwa makini kuliko wengi wetu wenye vyeti. Mmoja alikuwa akikataa kufunga seti usiku kama taa ya chumba imeungua, mpaka aletewe tochi. Aliitwa mkaidi. Mimi nasema wamama wengi wa wilaya ile wako hai na hawajui kwamba ni kwa sababu ya ukaidi wake.

Machi 2023 Marburg, ugonjwa wa virusi ulio ndugu wa Ebola, ilipoingia Kagera, watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Ugonjwa wa namna hiyo haupigi hodi kwa jina lake. Unaingia ukiitwa malaria, ukiitwa homa ya tumbo, na kifaa alichotumiwa mgonjwa kinafika sinkini kabla majibu hayajatoka maabara. Aliye sinkini ndiye wa kwanza kukutana nao. Glavu nene na miwani siyo anasa kwake.

Wanangu, wiki zijazo mtaripoti vituoni. Mkishasalimia na kuoneshwa wodi, ombeni mwoneshwe pia chumba cha kuoshea vifaa. Salimieni aliyemo kwa jina lake. Fungueni furushi moja lililokwisha kutakaswa, lile litakalorudiwa kutakaswa, mkatazame viungo vya makoleo kwenye mwanga. Angalieni daftari mara ya mwisho liliandikwa lini. Mkitupa sindano, hakikisheni haijabaki kwenye trei inayokwenda kwake. Na muulizeni kama amechanjwa homa ya ini aina ya B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Kama hajachanjwa, mwongozeni mpaka achanjwe zote tatu. Na ninyi wenyewe, ambaye hajamaliza dozi zake, muuguzi wa chuo yupo pale nyuma ya hema jeupe. Amekuja na kisanduku cha chanjo kwa ajili yenu, na atakuwepo mpaka saa kumi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza, na hongereni sana.